"Ukizaa Litaisha"? Tuidai Serikali Jibu Kuhusu Ugonjwa wa Endometriosisi



Katika tafakari yetu ya juma hili tunapenda kusema juu ya jambo ambalo kwa desturi zetu halitajwi mimbarini, na hata nyumbani husemwa kwa kunong'ona, mama kwa binti, bibi kwa mjukuu. Ni maumivu ya hedhi. Tunajua wapo watakaoguna. Tunawaomba watuvumilie hadi mwisho, kwa maana tunazungumzia ugonjwa ulio na jina lake, na waliokabidhiwa dhamana ya kuushughulikia nao wana vyeo vyao na ofisi zao, nao yawapasa kujibu.

Ugonjwa huo huitwa endometriosisi. Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando ambao kila mwezi hujengeka, na mimba isipotungwa humeguka na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa mwanamke mwenye endometriosisi, tishu zinazofanana na utando huo huota nje ya mfuko wa uzazi: juu ya vifuko vya mayai, kwenye mirija, kwenye utumbo, kwenye kibofu cha mkojo, na mara chache hata kifuani. Tishu hizo nazo huitikia homoni za mwezi. Huvimba na kuvuja damu, lakini damu hiyo haina mlango wa kutokea. Hapo ndipo mwili huungua ndani kwa ndani, makovu hujengeka, na viungo ambavyo vingepaswa kuteleza kila kimoja mahali pake hugandamana.

Matokeo yake tunayaona bila kuyatambua. Ni yule binti anayezimia darasani kila mwezi. Ni yule mama ambaye tendo la ndoa kwake ni mateso, naye hawezi kumwambia mumewe, na mumewe hudhani anakataliwa. Ni maumivu wakati wa haja kubwa na ndogo, tumbo kujaa, uchovu usiokwisha, huzuni inayokaribia kukata tamaa. Na kwa wengi ni kukosa mtoto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190 duniani, yaani kama asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa. Tuilete hesabu hiyo nyumbani. Kigango chenye wanawake 200 wa umri huo, kama kipimo hicho kinashika, kina wagonjwa 20. Darasa lenye wasichana 40 lina wagonjwa 4. Ugonjwa wa kiasi hicho hauwezi kuitwa jambo la nadra. Ukiwa haujulikani, basi kuna watu ambao hawakufanya kazi ya kuujulisha.

Je, sisi tunawajibu nini wagonjwa hawa? Tunawaambia ni chango. Tunawaambia kila mwanamke huumwa. Tunawanunulia dawa ya kuchemsha sokoni. Wengine tunawapeleka kwa mganga ili ajulikane aliyewafunga. Na jibu tulipendalo kuliko yote ni hili: ukizaa litaisha. Ndugu zangu, hakuna neno la ukatili lililovikwa vazi la upole kama hilo. Kwanza si kweli, kwa sababu ujauzito si tiba ya endometriosisi. Huenda ukatuliza dalili kwa muda, na baadaye zikarudi. Pili, ugonjwa huo huo ndio unaowazuia wengi kushika mimba. Kumwambia mgonjwa apone kwa kufanya lile ambalo ugonjwa wake unamzuia kulifanya ni sawa na kumwambia kiwete atembee hadi hospitalini ili atibiwe miguu.

Hali hii ina historia yake, nayo inatuhusu sisi Waafrika kwa namna ya pekee. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 vitabu na wahadhiri wa tiba huko Marekani walifundisha kwamba endometriosisi ni ugonjwa wa wanawake weupe, wenye mali na elimu, waliochelewa kuolewa. Mwanamke mweusi aliyefika hospitalini na maumivu ya nyonga alidhaniwa moja kwa moja kuwa na maambukizi yatokanayo na zinaa. Mwaka 1976 daktari mmoja mweusi wa Chicago, Donald Chatman, alichapisha uchunguzi wake, akionyesha kwamba wengi waliokuwa wakitibiwa kwa maambukizi hayo walikuwa wakiugua endometriosisi. Miaka hiyo yote walikuwa wamemezeshwa dawa za ugonjwa wasiokuwa nao, na juu yake wakabebeshwa aibu ya dhambi wasiyoitenda. Ni jambo la kujiuliza kama mawazo hayo hayakusafiri hadi kwetu pamoja na vitabu. Binti wa Kitanzania akisema tumbo la chini linamuuma, mara ngapi swali la kwanza huwa ni juu ya tabia yake?

Tunao mashahidi. Happiness Magese, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Millen, aliyekuwa Mrembo wa Tanzania mwaka 2001, alijitokeza hadharani kueleza jinsi ugonjwa huu ulivyomtesa tangu usichana wake, upasuaji mwingi alioupitia, na hofu ya kutopata mtoto, hadi alipojaliwa mtoto wa kiume mwaka 2017. Nchini Kenya, mtangazaji Njambi Koikai aliugua endometriosisi iliyofika kifuani, ikawa inayaporomosha mapafu yake mara kwa mara. Mwaka 2018 alikwenda kutibiwa Atlanta, Marekani, baada ya wananchi kumchangia. Alirudi, akawa sauti ya wagonjwa wenzake, akafariki dunia Juni 2024. Hawa walikuwa na majina makubwa na majukwaa. Hata hivyo ilibidi wavuke bahari ili wapate msaada. Je, mama wa Kibondo, au wa Ludewa, au wa Ukerewe, ambaye hana jukwaa wala nauli, atavuka nini?

Injili ya Marko, sura ya 5, inatusimulia habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Mwinjili hakuficha kwamba mama yule alikuwa amehangaika kwa waganga wengi, akatumia vyote alivyokuwa navyo, na hali ikazidi kuwa mbaya. Maneno hayo yangeweza kuandikwa leo kuhusu wagonjwa wetu. Bwana alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa mtu mkubwa, mkuu wa sinagogi, na umati ulikuwa unamsonga. Lakini alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, akamsikiliza mama yule hadi mwisho wa maelezo yake yote. Akamwita binti. Wanafunzi waliona ni kupoteza muda. Nasi tunao wanafunzi wa namna hiyo katika ofisi zetu za umma, ambao daima wana safari muhimu zaidi kuliko kusimama kwa ajili ya mwanamke anayetokwa damu.

Sasa tuiendee Serikali, kwa heshima inayostahili, lakini bila kupepesa macho.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara ya 8, inasema wazi kwamba lengo kuu la Serikali ni ustawi wa wananchi, na kwamba Serikali inawajibika kwao. Mwezi Aprili 2001, jijini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga walau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake, na nchi yetu ikairidhia mwaka 2007. Ibara ya 14 ya Itifaki hiyo inazitaka nchi kuhakikisha huduma za afya za kutosha, zenye gharama nafuu na zinazofikika kwa wanawake, hususan wa vijijini. Kanisa lina pingamizi lake la wazi dhidi ya kipengele cha utoaji mimba kilichomo katika ibara hiyo, nalo halitaliacha. Lakini pingamizi hilo halimpi kiongozi yeyote ruhusa ya kuyasahau mengine aliyotia sahihi. Kila mwaka ifikapo Juni tunasomewa bajeti. Ni miaka mingi sasa tangu Abuja, na asilimia 15 ingali ni hadithi ya kusimuliana.

Tuwe wa haki. Serikali imefanya kazi kubwa katika uzazi salama. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015/16 zilionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Zile za mwaka 2022 zilionyesha vifo 104. Nyuma ya tofauti ya tarakimu hizo kuna maelfu ya watoto ambao hawakuwa yatima. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru wakunga, wauguzi, madereva wa magari ya wagonjwa na viongozi waliolisimamia jambo hilo. Lakini mafanikio hayo ndiyo yanayotupa ujasiri wa kudai zaidi, kwa sababu yanathibitisha kwamba jambo likihesabiwa, likawekewa fedha, na wakubwa wakaulizwa habari zake kila mwaka, linawezekana.

Tatizo ni kwamba mfumo wetu wa afya humwona mwanamke akiwa na mimba, na akishajifungua humsahau. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa gharama kwa mama mjamzito, nayo ni sera njema. Lakini tazameni mwisho wake: mwenye mimba anahudumiwa bila malipo, na yule ambaye ugonjwa umemzuia kuipata mimba analipia kila kipimo, kila dawa, kila kitanda. Mwenye kilio kikubwa zaidi ndiye anayepewa risiti. Je, thamani ya mwanamke mbele ya dola ni mimba yake tu? Sisi tunaamini ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, mzima, akiwa na mimba au asiwe nayo, akiwa amezaa au hajazaa. Masista wetu watawa nao huumwa. Mabinti wa miaka 13 nao huumwa. Mama wa miaka 45 mwenye watoto sita naye huumwa.

Na tukitaka kujua uzito ambao mambo ya hedhi hupewa katika vikao vya wakubwa, tukumbuke habari ya taulo za kike. Mwaka wa fedha 2018/19 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo. Wanawake walishangilia. Mwaka mmoja baadaye, katika bajeti ya 2019/20, kodi ikarudishwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Hebu tulipime neno hilo. Mfanyabiashara alipokosa, aliyeadhibiwa ni msichana wa shule. Badala ya kumsimamia aliyeizuia nafuu isimfikie mlengwa, Serikali iliichukua nafuu yenyewe ikairudisha hazina. Ndivyo mambo yanavyokwenda pale ambapo wahusika hawana sauti ndani ya chumba cha maamuzi.

Tunajua majibu tutakayopewa, kwa hiyo tuyapokee moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza husema: hatuna fedha wala vifaa, ugonjwa huu unahitaji upasuaji wa kamera na mabingwa wachache walioko mijini. Ni kweli kwamba zamani uthibitisho ulitegemea kuingiza kamera tumboni kupitia matundu madogo, na ni kweli kwamba wapo wagonjwa ambao hawataepuka upasuaji huo. Lakini mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2022 haumlazimishi tena mgonjwa kupasuliwa kwanza ndipo aanze kutibiwa. Historia ya mgonjwa ikichukuliwa vizuri, akapimwa, akafanyiwa utrasaundi, tiba ya kutuliza maumivu na ya homoni inaweza kuanza. Maana yake ni kwamba tabibu wa kituo cha afya, akifundishwa maswali matano au sita ya kuuliza, anaweza kumtambua mgonjwa, kumwanzishia dawa na kumpa rufaa mapema. Kusikiliza hakuhitaji mashine wala umeme. Katika nchi nyingi mgonjwa huchukua kati ya miaka 4 na 12 kabla ya kujua anaumwa nini. Sehemu kubwa ya miaka hiyo hupotea kwa sababu hakuna aliyemsadiki.

Jibu la pili husema: huu si ugonjwa wa kuua, tuna malaria, tuna UKIMWI, tuna kifua kikuu. Kwanza familia ya Njambi Koikai haitakubaliana na maneno hayo. Pili, tangu lini kazi ya tabibu ikawa ni kuzuia kifo peke yake? Hatung'oi jino bovu kwa sababu linaua. Binti anayekosa siku tatu za masomo kila mwezi kwa miaka minne ya sekondari amekosa zaidi ya siku 100; akifeli mtihani wa kidato cha nne, nani atasema hakupoteza uhai wa namna fulani? Mke anayeachwa kwa kuitwa tasa, nani atasema hakuuawa mbele ya ukoo? Wala hatusemi malaria ipunguziwe dawa. Tunasema maskini wasigombanishwe wao kwa wao juu ya kipande kidogo cha mkate, ilhali ahadi ya Abuja imeachwa kwenye makabati.

Jibu la tatu husema: Kanisa libaki madhabahuni, haya ni mambo ya siasa. Mwenyeheri wa zamani na Mtakatifu wa leo, Yohane XXIII, katika waraka wake *Pacem in Terris* wa mwaka 1963, aliyataja matunzo ya tiba miongoni mwa haki za binadamu. Mafundisho jamii ya Kanisa yanatufundisha mshikamano na kanuni ya auni: kila ngazi itimize wajibu wake, na ngazi ya juu isaidie pale ambapo ile ya chini imefika mwisho wa uwezo wake. Familia ya mkulima imeshafika mwisho wa uwezo wake; imekwisha uza mbuzi, imekwisha uza shamba. Sasa ni zamu ya ngazi ya juu. Aidha, Kanisa linaendesha hospitali, vituo vya afya na zahanati nchi nzima, na kuanzia mwaka 1992 makanisa na Serikali wana hati ya makubaliano juu ya huduma hizo. Tukiwa wabia tunapobeba mzigo, hatuwezi kuwa wageni tunapouliza maswali. Na ieleweke kwamba lolote tunalolidai kwa Serikali, waamini wana haki ya kulidai katika hospitali za Kanisa vilevile, bila kuonewa haya.

Hapa kuna jambo ambalo lazima tuliseme kwa uwazi, kwa kuwa linawatesa akina mama wengi Wakatoliki. Dawa kadhaa za homoni zinazotuliza endometriosisi ni zile zile zinazojulikana kwa watu kama vidonge vya uzazi wa mpango. Wapo wanaozikataa wakiogopa dhambi, na wapo wahudumu wanaowazuia wakidhani wanalitetea Kanisa. Papa Paulo VI, katika waraka wa *Humanae Vitae* wa mwaka 1968, namba 15, alifundisha kwamba Kanisa halikatazi tiba iliyo ya lazima kwa kuponya maradhi ya mwili, hata kama inatazamiwa kwamba tiba hiyo itazuia uzazi, ilimradi kizuizi hicho hakikukusudiwa moja kwa moja. Kwa hiyo mgonjwa anayetumia dawa hizo ili kutibu ugonjwa wake hatendi dhambi. Asije mtu yeyote, awe katekista, awe muuguzi, awe mama mkwe, akamtwika mgonjwa mzigo ambao Kanisa halikumtwika. Na Serikali nayo iziweke dawa hizo katika rafu ya tiba, ili binti wa miaka 16 aliyeandikiwa na daktari asisimangwe dirishani kana kwamba amekuja kutafuta leseni ya uasherati.

Basi tunadai nini? Tunadai mambo matano, nayo yote yanapimika.

Kwanza, wagonjwa wahesabiwe. Endometriosisi ina namba yake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa. Tuonyeshwe katika vitabu vya MTUHA vya zahanati na vituo vyetu inaandikwa wapi, na wizara itutangazie kila mwaka ni wangapi waliotambuliwa. Asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Pili, wahudumu wafundishwe. Matabibu na wauguzi wa ngazi ya chini, ambao ndio wa kwanza kumwona mgonjwa, wapewe mwongozo mfupi wa Kiswahili: dalili ni zipi, aulizwe nini, aanzishiwe nini, apelekwe wapi.

Tatu, dawa na upasuaji vipatikane karibu. Dawa za msingi ziwepo Bohari ya Dawa na zifike vituoni. Na kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na ratiba inayojulikana ya upasuaji wa matundu madogo kwa wagonjwa hawa, hata kama bingwa atakuja kwa zamu.

Nne, bima iwatambue. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Tunauliza: je, kitita cha mafao ya msingi kinagharamia vipimo, dawa za muda mrefu na upasuaji wa endometriosisi? Jibu liwe ndiyo au hapana, wala lisiwe "mchakato unaendelea".

Tano, shule zifundishe. Binti na mvulana wajue kwamba maumivu yanayomzuia mtu kwenda shule si ya kawaida. Mwalimu wa afya ajue kumpeleka binti kituoni, asimpe kidonge kimoja cha panado na kumrudisha darasani.

Kama kuna anayedhani tunadai makubwa mno, atazame walikofika wengine. Desemba 2017 Waziri wa Afya wa Australia, Greg Hunt, aliwaomba radhi hadharani wanawake wenye ugonjwa huu kwa miaka mingi ya kupuuzwa, na Julai 2018 nchi hiyo ikatoa mpango wa kitaifa. Januari 2022 Rais wa Ufaransa alitangaza mkakati wa kitaifa wa endometriosisi. Ni nchi tajiri, ndiyo. Lakini serikali hizo hazikuamka siku moja zikiwa na huruma. Ziliamshwa na wanawake wenyewe, waliokataa kunyamaza hadi wabunge wakaona haya. Kuomba radhi hakugharimu hata shilingi moja. Kuweka mstari mmoja katika daftari la wagonjwa kunagharimu wino.

Nasi tunazo njia, na zote ni za kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu: akina mama wa WAWATA waende, na akina baba wasiwaachie peke yao, wakaulize habari hii na jibu liandikwe katika muhtasari. Kila kituo cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha nyingine hupelekwa moja kwa moja vituoni. Wajumbe wetu katika kamati hizo wajue kwamba walichaguliwa ili waulize. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuandika barua kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo inaweza kuandika barua moja kwa mganga mkuu wa wilaya: ni wagonjwa wangapi, dawa gani zipo, rufaa inaelekea wapi. Na mbunge ajapo kuomba mchango wa harambee au kuomba kura, aulizwe alisema nini bungeni wizara ya afya ilipokuwa ikijadiliwa.

Twende kwa adabu, lakini twende mara nyingi. Bwana wetu, katika Luka sura ya 18, alitupa mfano wa mjane na kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Mjane yule hakuwa na fedha, hakuwa na wakili, hakuwa na ndugu mkubwa mjini. Alikuwa na haki yake na miguu yake, akarudi, akarudi tena, hadi kadhi akachoka kabla yake. Viongozi wetu wengi si wabaya kama kadhi yule, na wengine ni waamini wenzetu wanaokaa katika mabenchi haya haya. Watakuwa wepesi zaidi kusikia, endapo tutakuwa wazito zaidi kuondoka mlangoni pao.

Juma hili, basi, tunaomba kila familia ifanye jambo moja: muulizeni binti yenu, au mke wenu, au dada yenu, anavyojisikia siku zake zikifika, kisha mnyamaze mumsikilize. Na Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, WAWATA watakuwa na meza nje ya kanisa kwa ajili ya kuandika barua ya kwanza ya parokia kwa halmashauri. Tutaisoma hadharani, na siku ya 30 tutauliza hadharani jibu liko wapi.

Mwenyezi Mungu awafariji wote wanaoteseka kimyakimya, na atujalie sisi sote ujasiri wa kusema kwa niaba yao. Tunawatakia Dominika njema.

Tumsifu Yesu Kristo!